Sumaku yajaribiwa kutuliza kifafa kisichokoma

KIFAFA kinapomshika mtu, mara nyingi hukoma chenyewe ndani ya dakika chache. Kikizidi dakika 5, au kikirudi kabla mgonjwa hajapata fahamu, huwa hali ya hatari inayoweza kudhuru ubongo au kuua.

Tiba ya kwanza ni dawa, kama vile diazepamu. Zipo nyakati ambapo dawa zote hushindwa, na ndipo baadhi ya madaktari wakajaribu sumaku.

Njia hiyo ilianzishwa mwaka 1985 na Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza. Koili ya waya huwekwa juu ya kichwa, bila upasuaji. Umeme ukipita ndani yake huzaa nguvu ya sumaku inayopenya fuvu na kuamsha umeme mdogo katika ubongo. Mapigo ya polepole, takriban moja kwa sekunde, kwa kawaida hutuliza seli; ya haraka huzichangamsha.

Hata hivyo, waliotibiwa hivyo kwa kifafa kisichokoma ni wachache na matokeo yao yanatofautiana. Kwa nadra, sumaku yenyewe huweza kuchochea kifafa. Haijachukua nafasi ya dawa.

Kwa mkazi wa Mwenge, Dar es Salaam, kinachookoa maisha ni muda. Mlaze mgonjwa kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Usiogope kumgusa, kwani mate yake hayaambukizi kifafa. Dakika 5 zikipita, mkimbize hospitali.