Redio na Barua ya Wazi katika Buha

Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, maelfu ya watu walivuka mpaka wakaingia Kibondo na Kasulu. Walihitaji chakula na dawa; walihitaji pia habari za jamaa waliotawanyika. Chombo gani kingewafaa?

Redio ilikuwa imepata sifa mbaya, kwani mwaka 1994 redio ya RTLM ilichochea mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Hata hivyo, mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera (yaani kutumaini) huko Ngara, kaskazini ya Kibondo, wala halikukosea. Asiyejua kusoma husikia. Tena Mha humwelewa Mrundi bila ya mkalimani.

Lakini redio husema na wengi, haimletei mtu mmoja jibu lake. Kazi hiyo ilifanywa na barua za Msalaba Mwekundu, zisizofungwa, zenye habari za jamaa tu. Mama aliyemtafuta mwanawe alijua kwamba maneno yake yatasomwa na wageni kabla ya kufika. Akayaandika vivyo hivyo, akangojea.