Kwa nini plastiki za aina mbalimbali hazishikani

Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, lilipita Mombasa mwaka 2019 likielekea Zanzibar. Lilithibitisha kuwa taka zaweza kugeuzwa mbao. Hata hivyo, si kila plastiki huchanganyika na nyingine.

Madumu mengi hutengenezwa kwa polietilini, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi za Selsiasi. Magunia ya kusukwa ni ya polipropilini, inayoyeyuka karibu na nyuzi 160. Hata moto ukitosha kuyeyusha zote mbili, hujitenga kama mafuta na maji. Zikishapoa, moja hubaki matone ndani ya nyingine, na zinapokutana ndipo ubao unapopasuka.

Dawa yake ni kuongeza kiunganishi: molekuli ndefu zenye sehemu mbili, moja ikishika polietilini, nyingine polipropilini. Matone huwa madogo zaidi, na ubao hupata nguvu.

Lakini kiunganishi huongeza gharama. Kwa wanaookota taka katika kisiwa cha Mombasa, tangu ufukweni hadi vichochoro vya Mji wa Kale, kutenga dumu na gunia mapema kungali njia nafuu zaidi.