Kusini na Maana ya Umbali

Tumezoea kusikia Lindi na Mtwara zikiitwa mikoa ya pembezoni, kana kwamba ni Mwenyezi Mungu aliyeiweka mbali. Historia yakanusha hayo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji mzuri, uliotajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala. Siku hizo Dar es Salaam haikuwapo. Umbali, basi, hupimwa kuanzia mahali fulani, na mahali hapo huchaguliwa na wenye nguvu.

Wajerumani waliifanya Dar es Salaam makao yao makuu mwaka 1891, na reli yao ya kati ikaelekea Kigoma. Fungu la Kusini likawa pamba ya kulazimishwa, iliyowasha Vita vya Maji Maji katika vilima vya Umatumbi mwaka 1905. Baada ya vita ikaja njaa.

Waingereza nao walileta mpango wa karanga mwaka 1947. Misitu ya Nachingwea ikafyekwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandikwa. Lakini vyote hivyo vilitegemea karanga, na karanga zilipangwa na watu wasioujua udongo wala mvua za huko. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli ikakosa mzigo. Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru ikafungwa na kung'olewa. Kumbe mkorosho, ambao mkulima mdogo aliupanda kwa jembe lake mwenyewe, ndio uliokuja kuwa tegemeo la Kusini.

Hata hivyo, zao lisilo na njia humlemea mwenyewe. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mwaka 2015 gesi ya Mtwara ilianza kupita katika bomba kwenda Dar es Salaam; miaka miwili kabla ya hapo wananchi wa Mtwara waliuliza kwa hasira bomba hilo lingewaachia nini. Swali hilo ni la haki, na lahusu korosho pia, kwani nyingi bado husafirishwa ghafi, na kazi ya kuzibangua hufanywa ughaibuni.

Njia ni ya kwendea na ya kurudia. Ikiwa ni ya kuchukulia tu, haijengi. Kwa hiyo mwanafunzi aitazamapo ramani ya nchi yetu asiishie kuhesabu maili. Aulize pia ni nani aliyeuweka mji huu mbali, na ni kazi gani itakayourudisha karibu.