Muundi wa Sam Bowie

Washabiki wa mchezo wowote hubishana zaidi juu ya jambo ambalo halijatokea. Mechi ikishachezwa, matokeo yako ubaoni, na atakayeyapinga ataonekana punguani. Lakini nani asajiliwe na nani aachwe, hapo kila mtu ni mjuzi. Sisi tunaujua ubishi huo kwa Simba na Yanga, ambapo msimu wa usajili ukifika chai hupoa barazani na marafiki hununiana kwa ajili ya mchezaji ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemwona akigusa mpira. Wamarekani, katika mpira wa kikapu, wamekwenda mbali zaidi: wameupa ubishi huo siku yake katika kalenda.

Shughuli yenyewe huitwa drafti. Jina lisimpoteze msomaji, maana halihusiani na ule mchezo wa kete unaochezwa kwa vizibo vya soda. Drafti hii ni mgao wa vijana. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Juni, timu za ligi yao kuu, NBA, hugawana chipukizi wanaotoka vyuoni na nchi za nje, kila timu kwa zamu yake. Kijana akishatajwa na timu fulani, basi huko ndiko atakakoanzia kazi, apende asipende. Utaratibu huu ulianza mwaka 1947, na nia yake ni kuwainua wanyonge: timu iliyofanya vibaya msimu uliopita hupewa nafasi ya kuchagua mapema. Kwa hiyo mshabiki ambaye timu yake imefungwa mwaka mzima hubaki na faraja hiyo moja, ya kubishana nani achukuliwe. Na swali ni lile lile miaka yote: tuchukue kipaji kikubwa kuliko vyote vilivyopo, au tuchukue mtu wa kuziba pengo letu?

Sidhani kama kuna mji ulioumizwa na swali hilo kuliko Portland, katika jimbo la Oregon, kaskazini-magharibi ya Marekani. Timu yake, Trail Blazers, ilianza 1970. Ubingwa imeupata mara moja tu, mwaka 1977, ikiongozwa na Bill Walton, mchezaji wa kati, yaani lile jitu linalosimama chini ya kikapu kuzuia mipira ya wapinzani na kudaka ile inayogonga pete na kurudi. Walton alichukuliwa katika drafti ya 1974, wa kwanza kabisa. Miguu yake haikumvumilia. Alivunjika, akakosana na timu juu ya matibabu, na 1979 akaondoka. Tangu hapo Portland iliishi kama nyumba iliyofiwa na baba: kila kijana aliyepita mlangoni alipimishwa koti la marehemu.

Sasa tuje kwenye tarehe 19 Juni, 1984, mjini New York. Portland ilikuwa na zamu ya pili. Zamu hiyo haikuwa yake kwa asili. Ilikuwa ya Indiana, ambayo mwaka 1981 iliitoa ili impate Tom Owens, mchezaji wa kati aliyekuwa amekwisha vuka miaka 30. Owens aliichezea Indiana msimu mmoja tu. (Nashangaa kila mara kwamba Indiana haichekwi. Aliyeuza shamba hasemwi. Husemwa aliyelilima vibaya.) Siku zile timu mbili za mkiani zilirushiwa shilingi kuamua ipi itangulie, na shilingi iliiangukia Houston, ikamchukua Akeem Olajuwon, Mnigeria aliyezaliwa Lagos, ambaye baadaye alirudisha herufi ya kwanza ya jina lake na kuitwa Hakeem. Wa pili, Portland ikamtaja Sam Bowie wa Chuo Kikuu cha Kentucky, urefu futi 7 na inchi 1. Wa tatu, Chicago ikamtaja Michael Jordan.

Hapo ndipo vicheko vilipozaliwa, na mpaka leo havijaisha. Jina la Bowie limekuwa kama msemo: timu yoyote ikikosea kuchagua, washabiki wake humtaja. Mimi naona vicheko hivyo vina uvivu ndani yake, kwa sababu anayecheka ameshasoma ukurasa wa mwisho wa kitabu. Aliyeketi mezani siku ile alikuwa na mambo mengine mbele yake. Hakuna aliyesema Jordan hafai. Mwaka 1982, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ndiye aliyefunga kikapu cha ushindi katika fainali ya vyuo vya nchi nzima. Lakini Portland tayari ilikuwa na watu wawili wa nafasi yake. Mmoja ni Jim Paxson, aliyekuwa ametoka kuteuliwa miaka miwili mfululizo kucheza mechi ya nyota wa ligi. Mwingine ni Clyde Drexler, kijana waliyempata mwaka mmoja tu nyuma katika zamu ya 14, na kila mwenye macho aliona kwamba atakuwa mkubwa. Wa kuja kuwa wa tatu ataketi wapi?

Tena busara ya zama zile ilikuwa kwamba ubingwa unakaa kwa warefu. Los Angeles ilikuwa na Kareem Abdul-Jabbar, Boston ilikuwa na Robert Parish, Philadelphia ilikuwa na Moses Malone. Hata Chicago wenyewe, waliobahatika, kiongozi wao alinena hadharani kwamba wangetamani Jordan awe na futi 7, ila hakukuwa na mchezaji wa kati aliyebaki wa maana. Aliyeokota almasi alisikitika kwamba si nazi.

Kwa hiyo sikubali wanaposema kwamba Portland hawakuona. Waliona. Ila waliangalia pengo lao mno, wakadhani pengo ni kitu cha kudumu kama mlima, na kumbe pengo la timu hubadilika kila msimu. Mtu huumia, mwingine huuzwa, kocha huondoka, na nafasi iliyokuwa imejaa hubaki wazi. Kipaji kikubwa kinaweza kukaa miaka 15. Inasimuliwa kwamba Bobby Knight, aliyekuwa kocha wa timu ya Marekani kwa michezo ya Olimpiki ya mwaka ule, alimsihi Stu Inman, mkuu wa usajili wa Portland, amchukue Jordan. Alipojibiwa kwamba timu inahitaji mchezaji wa kati, akasema basi mchezesheni yeye katikati. Kwa wengi hicho ni kichekesho. Kwangu ni hoja kamili.

Lakini kuna jambo ambalo ubishi wa washabiki huliruka, nalo ni mfupa. Bowie alikuwa amekosa misimu miwili mizima chuoni kwa sababu ya kuvunjika muundi wa mguu wa kushoto. Portland haikutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hasa baada ya miguu ya Walton, na madaktari wake walimpima kijana huyo kwa muda wa saa kama saba. Mwaka 2012, katika filamu ya televisheni iliyohusu maisha yake, Bowie alieleza kwamba madaktari walipomgonga muundini kwa nyundo ndogo aliwaambia hasikii kitu, na moyoni alijua unauma. Akaongeza kwamba mtu mwenye jamaa zake wenye shida angefanya vivyo hivyo.

Baada ya maneno hayo kujulikana wapo waliomwita mwongo. Mimi siwezi. Alikuwa na miaka 23. Misimu miwili alikuwa ameketi akitazama wenzake wakicheza, na sasa kati yake na riziki ya jamaa zake kilisimama kinyundo kimoja. Ni wangapi kati yetu wamekwenda kupimwa kabla ya kuajiriwa na kumweleza daktari kila kinachowauma? Mpango mzima wa drafti unamtaka kijana asimame kama bidhaa, apimwe urefu, upana wa mikono na kimo cha kuruka, halafu unastaajabu bidhaa ikificha ufa wake.

Msimu wa kwanza alicheza mechi 76, wastani wa pointi 10 na mipira zaidi ya 8 iliyodakwa kila mechi. Si haba kwa mgeni. Kisha mifupa ikaanza: msimu wa tatu aliambulia mechi 5, wa nne hakucheza hata moja. Kwa miaka mitano Portland ilipata kutoka kwake mechi 139, ambapo zingeweza kuwa 410. Mwaka 1989 ilimpeleka New Jersey na kumpata Buck Williams, mtu mgumu wa kazi, ambaye aliisaidia kufika fainali mara mbili, 1990 na 1992. Ile ya 1992 ilikuwa dhidi ya Chicago. Katika mechi ya kwanza Jordan alifunga pointi 35 kabla ya mapumziko, sita kati ya vikapu vyake vikiwa vya mbali, mpaka mwenyewe akainua mabega kana kwamba naye haelewi kinachotokea. Aliyekuwa akimkabili ni Drexler, yule yule ambaye kwa ajili yake Jordan aliachwa. Chicago ilishinda kwa mechi nne kwa mbili.

Mtu angedhani mji huo usingerudia tena. Mwaka 2007 bahati nasibu, ambayo ilishachukua nafasi ya shilingi, iliipa Portland zamu ya kwanza. Majina yalikuwa mawili. Greg Oden wa Ohio State alikuwa na futi 7, kifua kama mlango, na uso wa mtu mzima ingawa alikuwa na miaka 19. Kevin Durant wa Texas alikuwa mrefu lakini mwembamba, mfungaji wa ajabu, na katika vipimo alishindwa kuinua hata mara moja chuma cha kilo 84 ambacho wenzake walikiinua mara kadhaa. Wiki chache hizo mji uligawanyika, na wazee walimkumbusha kila mtu habari za 1984. Hata hivyo wajuzi wengi, si wa Portland tu, walisema Oden. Akachukuliwa Oden. Septemba ya mwaka ule ule alipasuliwa goti kabla hajacheza mechi hata moja ya ligi. Kwa jumla aliichezea Portland mechi 82, idadi ya msimu mmoja. Durant alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2014.

Mara hii swali la pengo halikuwa na uzito sana. Ilikuwa ni imani tu ya urefu. Imani hiyo sisi tunaifahamu kwa jina la karibu zaidi, maana tarehe 25 Juni, 2009, mtoto wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, futi 7 na inchi 3, alichukuliwa wa pili na timu ya Memphis. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo. Alianza kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15, umri ambao Wamarekani wenzake walikuwa wameshacheza miaka kumi. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut alisifika kwa kuzuia. Memphis tayari ilikuwa na mchezaji wa kati, Mhispania Marc Gasol, ambaye alikuja kuwa nguzo yake kwa miaka mingi. Pengo la kuzibwa halikuwepo. Wa tatu siku ile alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry.

Washabiki wa Memphis hulitaja jina la Thabeet kama wale wa Portland wanavyolitaja la Bowie. Kwetu lina sauti nyingine kabisa. Hakujichagua wa pili. Aliitwa, akasimama, akavaa kofia aliyopewa. Msimu wake wa kwanza haujaisha alipelekwa kwa muda ligi ya daraja la chini, na Februari 2011 akauzwa Houston. Alicheza ligi hiyo misimu mitano, mechi 224. Vijana wangapi wa Dar es Salaam wamecheza hata moja?

Tarehe 15 Machi, 2012, Houston ilimpeleka Portland, pamoja na Jonny Flynn, ambaye katika drafti ya 2009 alitajwa wa sita, mtu mmoja kabla ya Curry. Siku hiyo hiyo Portland ilimwachia Greg Oden aende zake. Na siku hiyo hiyo tena ilimtoa mchezaji wake Gerald Wallace kwa New Jersey, ikapewa zamu ambayo mwezi Juni iligeuka kuwa ya sita. Kwa zamu hiyo walimchukua Damian Lillard, kijana wa futi 6 na inchi 2 kutoka chuo kisichovuma cha Weber State, ambaye mwaka uliofuata alitangazwa kuwa bora wa wageni wote wa ligi. Zamu yao nyingine ya usiku ule ilikuwa ya 11. Wakachukua mchezaji wa kati, futi 7.