Kibanda cha Nelion, kimbilio la wapandaji Mlima Kenya

WAGENI wengi wanaopanda Mlima Kenya huishia kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985, ambacho hufikiwa kwa miguu. Vilele viwili vinavyokizidi, Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), ni miamba inayokwewa kwa kamba. Juu ya Nelion kuna kibanda kidogo cha alumini kiitwacho Howell.

Kibanda hicho kilijengwa Februari 1970 na mpandaji Ian Howell. Vifaa vilidondoshwa kwa ndege kwenye mto wa barafu wa Lewis, naye akavipandisha mwambani peke yake kwa safari 13.

Haja yake inatokana na saa za mchana. Katika ikweta mchana ni wa saa 12 mwaka mzima, na giza huingia haraka. Kuupanda mwamba wa Nelion huweza kumaliza siku nzima, hivyo anayevuka hadi Batian na kurejea mara nyingi hulazimika kulala juu. Bila kinga ya upepo, vidole hufa ganzi na akili huzubaa, na kosa moja kwenye kamba linatosha kuua.

Uokoaji katika miamba hiyo ni mgumu. Septemba 1970, daktari kutoka Austria alianguka karibu na kilele cha Batian na kuvunjika mguu. Alishushwa akiwa hai baada ya siku kadhaa, lakini rubani wa helikopta iliyotumwa kusaidia alifariki ilipoanguka.

Ulaya nako kuna vibanda vya namna hiyo. Kile cha Solvay, katika mlima Matterhorn nchini Uswisi, kilijengwa mwaka 1915 kwenye mwinuko wa mita 4,000 hivi. Kina nafasi ya watu 10, na huruhusiwa kwa dharura tu.

Udogo wa kibanda cha Nelion, ambamo mtu mzima hawezi kusimama wima, una faida: joto la miili hutosha kupunguza baridi. Hata hivyo, hakina mlinzi, chakula wala matandiko. Mpandaji hubeba mfuko wake wa kulalia, hawashi jiko mlango ukiwa umefungwa kwa kuhofia gesi ya sumu, na hushuka na taka zake. Akiondoka hufunga mlango barabara, kwani theluji ikijaa ndani, atakayefika usiku hatakuwa na pa kujisitiri.