Sikio la Kuvaa

"Mama, nivishe sikio."

Kila alfajiri binti yangu wa miaka saba huniletea kopo dogo la plastiki. Chini ya kopo kuna punje za kufyonza unyevu, maana hewa ya Dar es Salaam haina huruma na vitu vya umeme, na juu ya punje hizo kimelala kifaa kilichopinda kama korosho. Nachomeka betri iliyokesha kwenye chaji, nakipachika kifaa nyuma ya sikio lake, kisha kijiduara chenye sumaku kinajinasia chenyewe kichwani, katikati ya mistari ya nywele. Anakunja uso kidogo. Anasema, "Tayari."

Kuvaa sikio, kuvua sikio: maneno hayo kayatunga mwenyewe. Mimi ni mhariri, nashinda na maneno, na tangu alipoyatunga nimekuwa nikiyapima majina ya vifaa vyake moja baada ya jingine.

Cha kwanza tulichopewa kilikuwa shimesikio, kifaa cha kukuza sauti. Nalipenda sana jina hilo. "Shime!" ni mwito wa kuhimizana, wa watu walioshika mtumbwi huku na huku wakiupandisha mchangani. Aliyeunganisha shime na sikio aliielewa kazi ya kifaa: kinalihimiza sikio lililolegea litende kazi yake. Lakini mwito humfaa mwenye kuweza kuitikia. Katika sikio la binti yangu, chembe zenye vinyweleo, zile zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara za neva, hazikuwa zikifanya kazi. Tulikuza sauti, tukakuza tena, wala hapakuwa na wa kuitika.

Ndipo tukajifunza neno kipandikizi. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji wa kukiweka sikioni mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje ya nchi. Kupandikiza ni neno la shamba. Mkulima hung'oa mche kitaluni, akautia kwenye udongo mpya, na siku za kwanza mche hunyauka hata ukadhani umekufa. Ukipona watu husema, "Umeshika." Kifaa hiki kimetoka kiwandani, hakikutoka kitaluni, lakini kungoja ni kulekule. Baada ya upasuaji tulikaa wiki kadhaa kidonda kikipona, sehemu ya ndani ikiwa kimya chini ya ngozi, kabla ya sehemu ya nje kuwashwa.

Sehemu hiyo ya ndani ina uzi mwembamba wenye vituo vya umeme, unaoingizwa kwenye kokilea, mfereji uliojiviringa takriban mara mbili na nusu. Kokilea ni neno la Kilatini lenye asili ya Kigiriki, na maana yake ni konokono. Basi na tuseme konokono wa sikio, kila mzazi aelewe. Tena konokono ana sehemu yake katika habari hii. Mwaka 1977 Graeme Clark, daktari wa Melbourne, alikuwa ufukweni huku akiwaza jinsi ya kuusukuma uzi kwenye mzunguko ule bila kukwama. Akaokota kombe la konokono wa baharini, akajaribu kupenyeza majani ya nyasi. Jani lenye ncha laini na shina gumu likateleza hadi ndani. Mwaka uliofuata alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza.

Sehemu ya nje wataalamu huiita kichakata sauti. Neno ni zuri: tunachakata mkonge, jani likaingia na nyuzi zikatoka. Hapa huingia mtikisiko wa hewa, hutoka mpangilio wa mapigo ya umeme.

Lakini neno lililonifundisha zaidi ni kongwe, tena halikutungwa na mtaalamu yeyote. Siku ya kuwashwa, binti yangu alishika kichwa akalia. Nilidhani kifaa kimekosea. Kumbe Kiswahili kilikuwa na maelezo tayari, kwa kuwa hakijawahi kulifungia neno kusikia ndani ya sikio. Twasikia njaa, twasikia maumivu, twasikia harufu ya karafuu. Mtoto yule alisikia sauti kama mtu anavyosikia baridi: imemfika mwilini, haina jina.

Kusikiliza kulikuja polepole. Mtaalamu alichora kile anachokiita ramani, yaani kiwango cha umeme kinachofaa kila kituo, akairekebisha kila tuliporudi. Nyumbani nilimwaga maji ndooni, nikamwonyesha ndoo; adhana ikilia, nikamwelekeza msikitini. Siku moja alisimama mlangoni, akaelekeza kidole barabarani: "Pikipiki." Sikuwa nimeiona bado. Nikasema moyoni, umeshika.

Bado kuna kusikilizana, na hilo halipandikizwi. Ndani ya daladala yenye muziki, au watu watatu wakisema kwa pamoja, kichakata humletea vurugu tupu. Mjomba wake amejifunza kupunguza sauti ya televisheni na kumkabili uso kwa uso kabla ya kufungua kinywa.

Jirani yetu mwema aliniambia, "Mshukuru Mungu, mwanao amepona." Nashukuru kila siku, ila neno hilo silipokei. Betri ikiisha, au anapooga, hasikii kitu. Wengine, kwa adabu, hulikwepa neno kiziwi, kana kwamba ni tusi. Wenyewe hawalikwepi, Chama cha Viziwi Tanzania kimeliweka katika jina lake. Nalo lina jambo linalonigusa kila ninapohariri. Kifaa, kipandikizi, kichakata na kiziwi vyote huanza kwa ki-, lakini sarufi haivichanganyi. Kifaa kimefika. Kiziwi amefika. Lugha yetu imeshamtambua mtu.

Usiku anavua sikio mwenyewe, analitia koponi, anafunga kifuniko. Tunaagana kwa mikono, kwa alama tulizojifunza pamoja. Kifaa kimelala mezani. Kiziwi amelala ubavuni pangu.