Datsun, Lancer na Subaru: Mapenzi yaliyozaliwa Safari Rally yanavyotegemea nyundo za Shauri Moyo

Anayeshuka matatu katika barabara ya Jogoo asubuhi na kuingia mtaa wa Shauri Moyo, jijini Nairobi, huisikia Kamukunji kabla ya kuiona. Mlio wa nyundo juu ya bati haukomi mpaka jua litue. Wengi wa mafundi wa hapo hutengeneza majiko, karai, wilibaro na masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni. Hata hivyo, ustadi huo huo wa kukunja na kunyoosha chuma bila mashine ya kiwanda ndio unaohitajiwa na kundi dogo la Wakenya wenye uraibu wa gharama kubwa, nao ni kuyatunza magari ya spoti ya Kijapani yaliyoundwa miongo mitatu, minne au mitano iliyopita.

Magari hayo yana mashabiki kote ulimwenguni. Huko Marekani na Ulaya hupendwa kwa umbo lake, kwa injini zake, au kwa kuwa mtu aliyaona katika filamu na michezo ya kompyuta. Mkenya ana sababu tofauti. Ameyapenda kwa kuwa aliyaona, au alisimuliwa na babake jinsi yalivyopita, yakiwa yamejaa matope na kioo kimepasuka, yakishinda katika barabara ambazo yeye mwenyewe huzipita akienda mashambani.

Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka wa 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na katika miaka yake ya mwanzo yalipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakati huo magari ya Kijapani hayakuwa yakihesabiwa. Kampuni ya Nissan ilileta magari yake kwa mara ya kwanza mwaka wa 1963 na haikuambulia kitu cha kujivunia. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1966, Datsun Bluebird lilimaliza la tano kwa jumla na kuongoza kundi lake. Habari hizo zilipokewa Japani kwa shangwe kubwa kiasi kwamba mwaka wa 1969 zilitengenezewa filamu, mwigizaji mashuhuri Yujiro Ishihara akiwa dereva. Hivyo basi, Wajapani wengi waliyaona magari ya mashindano ya nchi yao katika mavumbi ya Afrika Mashariki.

Ushindi wenyewe ulifika mwaka wa 1970. Edgar Herrmann, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na msaidizi wake Hans Schüller, walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata wawili hao walirudia ushindi huo wakiwa na gari jipya, Datsun 240Z, huku 240Z jingine la Shekhar Mehta likija la pili. Mwaka wa 1973, Safari ilipoingizwa katika ratiba ya kwanza kabisa ya mashindano ya dunia ya magari, Mehta na msaidizi wake Lofty Drews walifungana alama za adhabu na Harry Källström wa Uswidi, naye akiwa katika Datsun. Ikabidi waamuzi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu, na Mehta akatawazwa. Baadaye, kati ya 1979 na 1982, alishinda mara nne mfululizo kwa Datsun Violet. Kwa jumla alishinda Safari mara tano.

Hilo 240Z linastahili maneno machache ya ziada, maana ndilo lililobadilisha mtazamo wa dunia. Lilizinduliwa Japani mwezi wa Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z. Lilikuwa na viti viwili, pua ndefu na mgongo ulioteremka, na chini ya boneti mlikuwa na injini ya mitungi sita yenye ukubwa wa lita 2.4, ikilishwa na kabureta mbili. Nchini Marekani liliuzwa kwa dola 3,526, bei iliyokuwa chini sana ya magari ya spoti ya Ulaya yenye kasi kama yake. Aliyelipigania soko hilo ni Yutaka Katayama, mkuu wa Nissan huko Marekani, ambaye wapenzi wa gari hilo walimwita kwa heshima "Mr K" hadi alipofariki mwaka wa 2015 akiwa na umri wa miaka 105.

Kwa wengi wa Eastlands, hata hivyo, shujaa hakuwa Herrmann wala Mehta. Alikuwa Joginder Singh. Mzaliwa huyu wa Kericho alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, kwani alijifunza kazi katika gereji ya babake. Alishinda mara ya kwanza mwaka wa 1965 kwa Volvo kuukuu, kisha akashinda tena mwaka wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka huo wa 1976 Lancer zilichukua nafasi zote tatu za kwanza. Lancer ilikuwa gari dogo, jepesi, lisilotisha kwa macho. Mtu aliyejua kazi ya spana aliweza kujiona ndani yake, na jina la Joginder likawa la kumtania kila dereva wa matatu aliyekanyaga mafuta kupita kiasi.

Baadaye zilifuata Toyota Celica, zilizoshinda mfululizo kuanzia 1984 hadi 1986 na tena mara kadhaa katika miaka ya 1990, ukiwemo ushindi wa Mkenya Ian Duncan mwaka wa 1994. Mwaka uo huo wa 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne kwa Subaru Impreza. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Njiru alikuwa ameifikisha mwisho Subaru Vivio, kigari chenye injini ya sentimita za ujazo 660 tu, katika nafasi ya 12, huku magari makubwa kadhaa yakiachwa njiani. Ushindi wa Colin McRae mwaka wa 1997 na wa Richard Burns mwaka wa 2000 ulihitimisha kazi hiyo. Kijana wa leo anayepita na Subaru yenye mngurumo mzito usiku wa manane (na kuwakosesha majirani usingizi, jambo ambalo mashabiki hawapendi kuambiwa) ni mjukuu wa historia hiyo. Mngurumo wenyewe hautokani na ukubwa wa injini. Pistoni zake hulala zikitazamana, na mabomba ya moshi ya Impreza za zamani hayakulingana urefu, hivyo moshi hutoka kwa vishindo visivyo sawa.

Shauri Moyo inaingiaje katika habari hizi? Mtaa huu ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipobomoa kijiji cha Waafrika cha Pangani na kuwahamisha wakazi wake. Waliohama waliambiwa wachague wenyewe, na inasimuliwa kwamba jina la mtaa lilitokana na hilo, kuwa ni shauri la moyo wa mtu. Jirani yake, Kamukunji, mafundi wa chuma walifanya kazi chini ya jua kwa miaka mingi, wakapewa jina la Jua Kali, na mwaka wa 1985 Rais Daniel arap Moi alipowatembelea aliagiza wajengewe vibanda. Upande wa pili wa jiji la kale, barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, ikawa soko la vipuri na gereji. Kati ya sehemu hizo mbili, gari kuukuu linaweza kupata karibu kila kitu ambacho kiwanda kimeacha kukitengeneza.

Ni vyema kusema ukweli hapa. Wenye magari hayo wengi hawaishi Shauri Moyo. Gari huletwa hapa na upande huu wa jiji kama mgonjwa aletwavyo kwa mganga, likakaa wiki au miezi, kisha likaondoka likiwa linang'aa. Mtaa huupata ujira na kubaki na ujuzi.

Ujuzi huo si mdogo. Adui mkubwa wa 240Z na ndugu zake ni kutu. Chuma cha Japani cha wakati ule kilikuwa chembamba na hakikukingwa vizuri. Maji hukaa chini ya betri, katika sakafu na nyuma ya milango mbele ya gurudumu, yakakila chuma kutoka ndani huku rangi ya nje ikionekana salama. Fundi hodari hugonga kwa kidole akisikiliza. Mlio ukiwa butu, anajua pamejazwa puti na hakuna chuma. Hapo kinachohitajika ni kukata sehemu iliyooza, kuchora kipande kipya kwa kufuata upande mzima wa gari, kukipiga nyundo juu ya kipande cha reli hadi kipate mviringo wake, na kukichomelea bila kukipinda kwa joto. Huko Marekani mwenye gari huagiza kipande hicho kwa posta. Hapa hutengenezwa na mtu ambaye jana alikuwa akitengeneza jiko.

Kabureta mbili za 240Z nazo zina hadithi yake. Lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo injini hutetemeka na kunywa mafuta kama lori. Ziko ala maalumu za kupima jambo hilo, lakini fundi mzoefu huweza kuweka mrija wa mpira sikioni na kwenye mdomo wa kabureta, akalinganisha mvumo wa moja na wa nyingine.

Kinachoyafanya mapenzi haya kuwa jambo la wasiwasi ni sheria. Japani kwenyewe, gari hukaguliwa rasmi miaka mitatu baada ya kununuliwa na kisha kila baada ya miaka miwili, kwa gharama isiyo ndogo, na gari la petroli likizidi miaka 13 kodi yake huongezwa. Ndiyo sababu mojawapo ya Wajapani kuuza magari yao mapema, na ndiyo chemchemi ya magari yaliyotumika yanayoteremshwa Mombasa. Kenya nayo, kupitia kiwango cha KS 1515 cha mwaka wa 2000, hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Marekani ni kinyume, kwani huko gari likitimiza miaka 25 husamehewa masharti ya usalama yanayoyazuia magari ya kigeni. Kwa ufupi, mlango wa Kenya hufungwa mwaka wa nane na ule wa Marekani hufunguka mwaka wa 25.

Matokeo yake ni dhahiri. Datsun za miaka ya 1970 zilizomo nchini ndizo zilizobaki. Hakuna nyingine inayoweza kuagizwa kwa njia ya kawaida, na iliyouzwa ng'ambo si rahisi irudi. Mashabiki huzitambua kwa namba zake za zamani, herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho, zilizotolewa kabla ya mfumo wa KAA kuanza mwaka wa 1989. Huku hayo yakiendelea, bei za nje zimepanda ajabu. Januari 2020, 240Z moja lililokuwa halijachezewa liliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Hilo ni gari la kipekee na si kipimo cha kila Datsun, lakini habari kama hizo husafiri, na mwenye gari lililolala uani huanza kujiuliza.

Upande mwingine kuna mizani ya vyuma chakavu. Gari lisilotembea ni kilo kadhaa za chuma, na mjane asiyejua marehemu mumewe aliacha nini uani hawezi kulaumiwa akiliuza kwa kilo. Biashara hiyo ilisitishwa na serikali Januari 2022 kufuatia uharibifu wa nguzo za umeme, ikaruhusiwa tena baadaye mwaka uo huo.

Yako mahali ambapo magari haya huonyeshwa hadharani. Mashindano ya urembo wa magari, Africa Concours d'Elegance, yameandaliwa Nairobi tangu 1970, na kwa miaka mingi yamefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Safari ya magari ya kale, East African Safari Classic, ilianza mwaka wa 2003, na Datsun zimeshiriki humo, ingawa katika miaka ya karibuni Porsche 911 ndizo zilizotamba. Safari yenyewe ilirejea katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, kitovu chake kikiwa Naivasha, na kuanzia mwaka huo hadi 2025 Toyota imeshinda kila mara. Katika sherehe hizo jina linalotajwa aghalabu ni la mwenye gari au la dereva. La aliyelipiga nyundo halisikiki.

Gari lililoshinda mwaka wa 1971 lingaliko. Limehifadhiwa na Nissan katika ghala lake la kumbukumbu huko Zama, kusini magharibi mwa Tokyo, ambako wafanyakazi wa kampuni waliojitolea walilitengeneza upya likaweza kuwaka na kutembea. Ndugu zake waliobaki Kenya hawana ghala wala kampuni. Wana mafundi wanaofanyia kazi kando ya barabara, katika mtaa ambao umo katika orodha ya serikali ya maeneo ya kujengwa nyumba za gharama nafuu, na mahali pa kupigia nyundo pakiondolewa, mafundi hao watalazimika kutafuta pengine.